Kucheza raundi na kocha: mwache akuone unavyocheza

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu, nina mwaka wa pili Kigoma. Nilihamishwa kikazi kutoka Dar es Salaam, na gofu nilikuwa nimeshaanza huko. Huku najifua mwenyewe: alfajiri kabla ya kazi napiga mipira ufukweni, watoto wawili wa jirani wananiokotea. Handikapu yangu nilipoondoka ilikuwa 27. Mwezi ujao nakwenda Dar kwenye semina, na kocha mmoja wa kulipwa amekubali kucheza nami mashimo 18. Nimefurahi, lakini usingizi siupati. Ni mtu mzima anayeheshimika, na mimi siku mbaya napiga mikwaju 115. Nifanyeje nisimpotezee muda? Nimuulize kila pigo au ninyamaze? Na malipo yanakwendaje?"

Marahaba, dada. Swali lako nimelisoma hapa Tabora nikiwa nimekaa chini ya mwembe, nikalirudia mara ya pili. Hofu hiyo naijua kwa pande zote mbili. Niliwahi kuwa mwanafunzi aliyetetemeka mbele ya mwalimu wake, na kwa zaidi ya miaka 30 nimekuwa mwalimu anayesimama pembeni akimwangalia mtu anavyotetemeka.

Hilo la kumpotezea muda tulimalize kwanza. Mikwaju 115 haimsumbui kocha hata kidogo. Kocha wa kufundisha si yule unayemwona kwenye televisheni akigombea vikombe, ingawa zamani kazi hizo zilifanywa na watu walewale. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza, PGA, kilipoanzishwa mwaka 1901, wanachama wake walikuwa watu wa klabuni: wanatengeneza fimbo, wanafundisha, na yakitokea mashindano wanashiriki. Kule Marekani watu wa mashindano walijitenga na wenzao wa klabuni mwaka 1968, wakaenda zao. Huyo wako anakula kwa kufundisha watu wa handikapu 27, yaani wanaozidi kipimo cha uwanja kwa mikwaju kama 27 siku zao njema. Ndio anaowaona kutwa. Kinachompotezea muda ni mwanafunzi anayekuja kumchezea mchezo usio wake.

Hapo naomba tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo lako.

Kwenye uwanja wa mazoezi unapiga mipira 50 kwa fimbo ileile, mahali palepale, na ukikosea unachukua mwingine. Kocha akikuangalia pale anaona mikono, mabega na miguu. Haoni unavyoamua. Kwenye mashimo kila mpira umelala kivyake, kila umbali ni mwingine, na kichwani umebeba pigo baya la dakika tano zilizopita. Wengi waliokuja kwangu wakilalamikia swingi zao, yaani wanavyozungusha fimbo, walikuwa wanapoteza mikwaju kabla hawajaunyanyua mkono, kwa sababu ya fimbo waliyoichagua na mahali walipolenga. Raundi na kocha ndiyo nafasi pekee ya yeye kuuona uamuzi wako ukizaliwa. Ukimficha, ukacheza kwa adabu ya kumpendeza, mtarudi nyumbani wote wawili mkiwa hamjaonana.

Nilijifunza hili nikiwa kijana wa kubeba mabegi. Kocha aliyekuwa akinipa fimbo za kuazima alinichukua jioni moja tucheze mashimo tisa. Nilitaka aone nguvu zangu. Shimo la kwanza nikatoa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, mpira ukakata kulia ukaingia vichakani. La pili nikatoa draiva tena, ukaenda kulekule. Tulipofika la tatu nikapeleka mkono kwenye begi, draiva haipo. Alikuwa ameihamishia kwenye begi lake na kufunga zipu, na wala hakuwa ametamka neno. Nikaanzia fimbo namba 7 mashimo yote yaliyobaki, na jioni ile nikapiga mikwaju michache kuliko siku yoyote niliyowahi kucheza. Kuhusu mikono yangu hakunifundisha kitu. Tulipokuwa tunavua viatu aliniuliza tu, "Nani alikuambia uitoe?" Nikatafuta jibu, sikulipata, maana hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimeona wakubwa wakiitoa kila shimo refu, basi.

Kwa hiyo mwache kocha akuone. Ukifika, kabla ya pigo la kwanza, mwambie mambo mawili matatu kwa ufupi: kawaida yako ni mikwaju mingapi, pigo gani linakutesa zaidi, na unacheza uwanjani mara ngapi kwa mwaka. Usimwambie "nataka kurekebisha kila kitu", hilo halimsaidii. Na usione haya kwa kuwa wastani wako uko juu ya handikapu. Tangu mfumo wa dunia wa handikapu uanze mwaka 2020, hesabu huchukua raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho. Maana yake handikapu inasimulia siku zako njema. Kwenye uwanja wa kipimo cha mikwaju 72, mtu wa 27 anayemaliza na 105 au 108 badala ya 99 mara nyingi hadanganyi, ndivyo ilivyo kwa karibu kila mtu.

Kisha mwombe hivi: "Mwalimu, mashimo matatu ya kwanza naomba unitazame tu bila kunisahihisha." Makocha wazuri hulipenda ombi hilo. Katika mashimo hayo cheza kama unavyocheza na marafiki zako. Kama kawaida yako ni kulazimisha mpira upite katikati ya miti miwili, lazimisha. Kama hukasirika ukaharakisha pigo linalofuata, usijizuie mno. Mgonjwa akimficha daktari homa, dawa atakayopewa itakuwa ya ugonjwa mwingine.

Kuanzia shimo la nne, zungumza. Umeandika kwamba ni mtu mzima na anaheshimika, na nimeelewa unachokusudia, kwa maana sisi tumelelewa kumsikiliza mkubwa tukiwa tumeinamisha macho. Lakini kwenye gofu mwanafunzi anayenyamaza kwa heshima humnyima mwalimu wake kitu cha kufanyia kazi. Heshima ipo katika kumwamkia, kufika nusu saa kabla, kusimama mahali ambapo kivuli chako hakimkati anapopiga, na kuzima simu. Katika suala la mchezo wenyewe, fungua mdomo.

Uliza vipi? Hapa wengi wanakosea. Wanamgeukia kocha kila pigo: "Nipige fimbo gani?" Akijibu namba 8, wanapiga namba 8, na shimo la 18 likiisha wamecheza raundi ya kocha kwa mikono yao wenyewe. Kumbuka pia kwamba kwenye mashindano jambo hilo haliruhusiwi. Kanuni ya 10.2 inakataza kuomba ushauri kwa mtu yeyote isipokuwa kedi wako, yaani anayekubebea begi, na adhabu yake kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju ni mikwaju miwili. Umbali unaweza kuuliza, kwa kuwa ni taarifa iliyo wazi kwa wote. Siku hiyo haitakuwa mashindano, kwa hiyo mko huru, lakini uhuru huo utumie kujenga uamuzi wako. Sema kwanza wewe: "Naona mita 95, upepo unatoka usoni, nachukua namba 6, nalenga katikati ya grini." (Grini ni zile nyasi fupi kabisa zenye shimo na bendera.) Halafu mwulize: "Kuna nisichokiona?" Swali hilo moja litakupa faida kubwa kuliko masomo matano ya swingi. Ataanza kukuonyesha mteremko ulio mbele ya bunka (lile shimo la mchanga), nyasi ndefu upande wa kushoto, au bendera iliyochomekwa pembeni makusudi ili ikuvute.

Kuhusu bendera nina msimamo mkali. Mtu wa handikapu 27 asiilenge, alenge katikati ya grini kila mara. Mapigo yako 20 ya namba 7 hayaangukii sehemu moja, yanatawanyika kama mahindi unayowarushia kuku. Ukiuelekeza mtawanyiko huo kwenye bendera iliyo ukingoni, nusu ya mahindi yanaangukia kwenye bunka. Ukiuelekeza katikati, hata pigo bovu kiasi linabaki kwenye nyasi. Makocha wapo wasiokubaliana nami, wanasema mwanafunzi lazima athubutu. Mimi nasema athubutu akishafika 15.

Tukirudi kwenye umbali, lipo jambo linalokuhusu wewe uliyejifua Kigoma. Mpira huenda mbali zaidi kwenye hewa nyepesi ya mwinuko. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu Tabora ni kama mita 1,200. Kwa makadirio tunayotumia, kule kwako mpira huongeza karibu asilimia 3 kuliko Dar, na huku kwetu kati ya asilimia 4 na 5. Fimbo yangu namba 7 ikienda mita 140 hapa Tabora, nikishuka Dar hubaki kama 134. Wewe ukiwa na pigo la mita 100 ufukweni, litegemee kuwa 97. Ni mita tatu tu, lakini kwenye grini yenye bunka mbele hizo ndizo zinazokuangusha mchangani. Na upepo wa bahari unaweza kukunyang'anya nyingi kuliko hizo. Kwa hiyo usiende na hesabu za ziwani ukadhani ni zilezile.

Mchanga nao. Watu wengi wa bara hawapati mchanga wa kujifunzia, wewe unao bure kila alfajiri, na ukiutumia vizuri bunka haitakutisha. Chora mstari mchangani kwa kidole, mahali ambapo mchanga ni mkavu, usiweke mpira. Piga kwa weji ya mchanga, fimbo fupi ya kutolea mpira mchangani, ili fimbo iingie kwenye mstari na itoke mbele yake, na hakikisha unamaliza swingi. Rudia mpaka mchanga uwe unaruka mbele kila mara. Ndipo uweke mpira sentimita tano mbele ya mstari, na upige mstari uleule kana kwamba mpira haupo. Utanyanyuka wenyewe, umebebwa na mchanga. Lakini nina wasiwasi na tabia moja ambayo ufukwe umekufundisha bila wewe kujua: ukijiandaa kupiga, fimbo unailaza mchangani nyuma ya mpira, na labda unapitisha swingi mbili za majaribio zinazokwangua chini. Kwenye bunka, kanuni ya 12.2 inakataza yote mawili, na adhabu ni mikwaju miwili. Kuanzia kesho, huko ufukweni, ishikilie fimbo juu ya mchanga bila kuugusa. Wiki nne zinatosha kuifuta tabia hiyo. Na ukitoka kwenye bunka, chukua reki usawazishe nyayo zako. Kocha ataliona hilo kabla hajaiona swingi yako.

Kwa mapigo mafupi tandika kanga ufukweni, simama hatua 10 nyuma yake, na ujaribu kuangusha mipira 10 juu yake. Watoto wako waokota mipira wakuhesabie. Ukifikisha sita mara tatu mfululizo, sogea nyuma hatua tano. Usihangaike na mahali mpira unapoishia kubingirika, angalia unapoangukia tu.

Siku ya raundi, kuna kitu ambacho wanafunzi wengi hawakitumii: kumwangalia kocha mwenyewe. Mwombe acheze na yeye, angalau mashimo sita ya mwisho. Watu wakicheza na kocha hutazama mpira wake unavyoruka, wakashangilia, basi. Mpira wake usiushughulikie. Angalia sekunde 30 kabla ya pigo. Utamwona anasimama nyuma ya mpira, anatazama mbele, halafu macho yanashuka chini karibu, kama mita moja hivi mbele ya mpira. Hapo amechagua jani, au alama ya nyasi iliyochomoka, iliyo kwenye mstari wa anakolenga. Kisha anakuja kusimama kwa kupanga uso wa fimbo na lile jani, kwa kuwa ni rahisi kulenga kitu kilicho mguuni kuliko mti ulio mita 150. Jack Nicklaus, mwenye mataji 18 makubwa, alikuwa akifanya hivyo kwenye kila pigo. Utamwona kocha anatikisa fimbo mara moja au mbili, na idadi haibadiliki shimo hadi shimo. Hesabu. Mwishoni mwulize kwa nini ni mbili.

Halafu umwangalie akikosea, kwani atakosea. Kila kocha hupiga pigo baya, hasa anayefundisha kutwa bila kupata nafasi ya kujinoa. Tazama anafanya nini mpira wake ukienda nyuma ya mti. Kwa kiwango chake angeweza kujaribu muujiza. Mara nyingi utamwona anachukua fimbo fupi, anautoa mpira pembeni mpaka kwenye nyasi fupi, anaendelea na safari. Amekubali kulipa mkwaju mmoja ili asilipe mitatu. Tendo hilo la dakika moja, ukiliona kwa macho yako mwenyewe, linakaa moyoni kuliko maelezo yangu yote haya.

Kwenye grini usijilaumu kwa kukosa pati, yaani pigo la kubiringisha mpira shimoni, ya mita mbili na nusu. Wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya kulipwa ya Marekani, watu wanaoishi kwa kazi hiyo, kutoka umbali wa mita 2.4 hufunga kama nusu tu ya pati zao. Kazi yako wewe ni pati ndefu, za mita 10 na 12, ziishie karibu na shimo ili usihitaji pati ya tatu. Ulivyokaa muda mrefu bila kugusa grini, huna tena kipimo cha kasi mkononi, kwa hiyo fika mapema ukae dakika 20 kwenye grini ya mazoezi na mipira mitatu, ukipiga pati ndefu tu. Na tafadhali usicheze siku ileile unayoshuka safarini. Ukija kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200 umekaa, mgongo na nyonga vitakuwa vimekaza. Lala usiku mmoja kwanza.

Kuna jambo jingine la kukuonya. Unajifunza peke yako, na nadhani umekuwa ukitazama video za walimu mbalimbali, kama wengi wanavyofanya siku hizi. Usimfikie kocha na orodha ya waliyosema. Harvey Penick, kocha wa Austin, Texas, aliwafundisha Tom Kite na Ben Crenshaw tangu utoto wao, na hakutaka mmoja asikilize somo la mwenzake. Dawa ya huyu ingemdhuru yule. Wote wawili wakawa mabingwa: Crenshaw alishinda Masters mwaka 1984 na 1995, Kite akachukua US Open mwaka 1992. Kama watoto wa klabu moja na mwalimu mmoja walihitaji maneno tofauti, sembuse wewe na mtu aliye kwenye simu yako, asiyewahi kukuona umeshika fimbo.

Malipo: ulizia mapema, kwa simu, wala usingoje mfike kwenye maegesho. Mwambie, "Mwalimu, naomba kujua ada yako ya mashimo 18, na kama ada ya uwanja na kedi vinaingia humo." Ada ya kumfundisha ni yako. Ya uwanja kwa upande wake wakati mwingine klabu huwasamehe makocha, wakati mwingine mwanafunzi ndiye anayelipa. Kedi wako umlipe wewe, mkononi, na umshukuru kwa jina lake. Akisema hataki malipo kwa kuwa mnafahamiana, usisimame kubishana naye. Mpelekee kitu cha nyumbani. Migebuka iliyokaushwa vizuri kutoka Kigoma hakuna mtu wa Dar atakayeikataa.

Cheza kuanzia vijiti vya mbele, vile vilivyo karibu zaidi na grini, bila kujieleza kwa mtu. Mpira ukipotea, dakika za kuutafuta ni tatu tu, siyo tano kama zamani. Na ukiwa tayari kupiga, usizidishe sekunde 40.

Mkimaliza, kabla hamjaagiza soda, mwulize swali moja: "Kama ningefanya kitu kimoja tu nikirudi Kigoma, kiwe kipi?" Akikupa vitatu, mwombe achague. Kiandike nyuma ya kadi yako ya mikwaju, palepale, kwa maneno yake kama alivyoyatamka. Halafu chukua kadi hiyo, na kwa kila shimo andika neno moja pembeni: "mkono" kama uliharibu kwa sababu ya swingi, "kichwa" kama uliharibu kwa sababu ya uamuzi. Ukiwa njiani kurudi, hesabu vichwa ni vingapi. Niandikie idadi hiyo na kile kitu kimoja alichokuchagulia, nikupangie mazoezi ya ufukweni ya miezi mitatu.